Kuinuka Bila Kushikwa Mkono

Nyumbani kwa Mwikali, Mbooni
Ijumaa, baada ya chai

Mama Mwikali,

Kabla hujavaa miwani vizuri nikupe habari kubwa: mume wako siku hizi anasimama kwa kichwa. Miguu juu, kichwa chini, dakika kumi nzima, chai inapoa mezani na mimi bado nimening'inia kama popo. Watu wa huku wanapanda mlima kuja kuniangalia. Nimewaambia wasije mikono mitupu, walete ndizi.

Sasa salamu. Wewe uko aje? Macho yanawasha bado, ama yale matone yalisaidia? Dawa ya presha unameza kila asubuhi, ama unameza ukikumbuka? Na mgongo? Usiniambie "hakuna shida", hilo ni jibu la kumpa pasta mlangoni. Mbuzi wote wako? Na yule mwekundu wa pembe moja ameacha kula kamba? Ndengu zimetoa maua, ama mvua imepita Kyuso tena bila kutusalimia? Mimi huku ni mzima, yaani vile vipande vilivyobaki ni vizima.

Haya. Ile ya kusimama kwa kichwa ni uongo. Najua hukuiamini hata mstari mmoja, lakini ungeniacha nifurahi kidogo. Ukweli ni kwamba jana kichwa changu kilikuwa chini kweli. Miguu pia ilikuwa chini, na kila kitu kingine nilichopewa na Mungu kilikuwa chini, na kurudi juu ndiko kulinishinda. Hiyo ndiyo habari yenyewe. Soma pole pole, kwa sababu mwisho wake unakuhusu wewe.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Simu ya hapa Mwikali huiweka katikati ya meza, sauti yote nje, na nyumba nzima inanyamaza kusikiliza nikikuuliza kama umenikosa. Mtu atamwambiaje bibi yake neno la maana mbele ya mkwe? Na utauliza kwa nini siandiki Kikamba. Kikamba nakiongea tu. Kuandika nilifundishwa Kiswahili, mpaka darasa la nne, na kilichobaki nilikinoa kwa kitabu cha geti kule Emali: nani ameingia, nani ametoka, saa ngapi, amebeba nini. Kwa hivyo ukiona barua inasoma kama kitabu cha geti, vumilia. Inaletwa na yule mama wa huku anayeuza avokado, anakuja Kyuso kesho Jumamosi kuchukua ndengu. Nimemwambia akupe wewe mkononi, si ndugu yangu Musili. Musili ataisoma kwa sauti sokoni na kuongeza mambo yake.

Mbooni ni mahali pazuri kwa mtu mwenye miguu. Hapa hakuna tambarare hata ya kuweka sufuria. Choo kiko chini, jikoni iko juu, na kanisa liko juu ya juu, sijui kama ni la watu ama la tai. Baridi inaingia kwa mifupa na kukaa kama mgeni asiyeaga. Avokado zinaanguka kwa mabati, puu, na mimi nashtuka kila mara kama mtu mwenye deni la kanisa. Chakula kiko, sidanganyi. Mwikali anatwanga mahindi, anapika muthokoi na maharagwe mpaka anakumbusha mkono wako, lakini chumvi yake ni ya mwalimu, imepimwa.

Sasa tufike kwa mtihani. Siku ile aliyonileta, hata uji sijamaliza, mtoto wako aliniambia hivi: "Baba, utarudi Kyuso siku ile utatoka sakafuni na kusimama peke yako. Bila kushikwa mkono, bila kushika kitu. Mara tatu, mbele yangu." Unajua yeye ni mwalimu, hata baba yake lazima asahihishwe. Akataja na siku: Jumapili ya mwisho wa mwezi. Ni hii Jumapili ya kesho kutwa.

Sikumlaumu. Alikuwa anafikiria siku ile nilipoanguka kati ya kitanda na pipa la maji. Wewe ulikuwepo, yeye alisimuliwa tu, lakini waliosimuliwa ndio huogopa zaidi. Ulinivuta kwapa, ukanivuta mguu, ukaniita gunia, ukaniita na jina lingine ambalo sitaandika kwa sababu wewe ni mwimbaji wa kanisa. Mgongo wako ukalia kama mlango. Ilikuwa siku ya soko, hakuna mtu karibu. Ndipo ukaketi hapo chini kando yangu na ungo wako, ukaanza kuchambua ndengu, na tukangoja watu warudi kutoka sokoni. Tuliongea siku hiyo kuliko mwaka mzima uliotangulia. Mwikali alipofika na gari la kukodi hakuuliza tuliongea nini. Aliangalia mgongo wako, akanifungia nguo zangu kwa mfuko.

Mimi nikamwambia, mtihani huo ni mdogo, nina yoga yangu. Usianze kukemea! Neno nimeliandika kwa wino na dari haijaanguka.

Unajua ilikotoka, lakini hujui yote. Wakati nilikuwa askari wa geti kwa yule tajiri Mhindi wa duka la vyuma pale Emali, kila asubuhi mzee alikuwa anatandika mkeka kwa baraza yake na kujikunja. Mtu mzima, ana lori tatu, amejikunja kama kamba ya ng'ombe. Mimi wakati huo bado nilikuwa na miguu ya ngoma. Wewe unajua, hiyo miguu ndiyo ilikuleta kwangu: nilikuwa naruka, najipindua hewani, natua kwa miguu miwili, na wasichana wa Kyuso wanapiga kelele, na wewe ulikuwa wa kelele zaidi ingawa siku hizi unakana. Basi nikamcheka mzee wa watu mpaka akanisikia.

Akaniita. "Munyoki, wewe kuruka unajua. Kushuka pole pole unajua?"

Nikamwambia, "Tajiri, kushuka ni kazi ya ardhi."

Akasema nisimame mbele yake, nishuke mpaka nikae chini, bila kushika kitu, nikihesabu mpaka ishirini na kupumua kwa pua. Mama Mwikali, nilifika saba nikaanguka puu. Mimi, mrukaji! Yeye akashuka mpaka ishirini, mzee mwenye tumbo, kama moshi unaorudi chini. Nikaona aibu, na mtu wa geti akiona aibu hulala vibaya. Kesho yake nikajaribu tena huko getini. Nikafika tisa.

Ndivyo nilivyoanza, kwa hasira. Nilipokuja likizo ukanikuta asubuhi nyuma ya ghala nimesimama mguu mmoja, mikono imefumbatana juu ya kichwa. Ukaangusha kuni.

"Nani amekufanyia hivi?"

"Hakuna mtu."

"Basi shusha huo mguu."

"Siwezi. Sijamaliza kuhesabu."

Ukamwita pasta, pasta akasema ni roho za Wahindi, zimenifuata kwa gari kutoka Emali. Tukabishana siku tatu. Mwisho tukakubaliana iitwe kunyoosha mgongo, na nisifanye wakati kina mama wa ushirika wanapita kwenda kisimani. Nikafanya miaka yote hiyo chini ya jina hilo, nyuma ya ghala, na wewe ukipita na ndoo unaangalia upande mwingine.

Lakini hujui jinsi ilivyokuwa inabadilika, kwa sababu ulikuwa unaangalia upande mwingine. Nilipoumia kiuno kwa kubeba magunia ya ndengu, niliacha yote ya kuinama mbele, nikabaki na ya kusimama. Nilipoacha kazi na kurudi nyumbani kabisa, magoti yakaanza kulia, nikaacha ya mguu mmoja, nikawa nashika nguzo ya ghala. Mwaka tuliomzika kijana wetu Muthui sikuweza hata moja. Nilikuwa naenda pale nyuma na kukaa, napumua tu, ndani, nje, kama yule mzee alivyonifundisha. Ulidhani nalia. Nilikuwa nalia, lakini pia nilikuwa nahesabu. Halafu pole pole nikarudisha moja, nikarudisha mbili. Mwili unachukua, wewe unatafuta nyingine ndogo zaidi, nao unakuachia kwa muda. Ndivyo tumekuwa tukiishi mimi na huu mwili, tunanyang'anyana.

Kufika hapa Mbooni nilikuwa nimebaki na nne: kukaa na kunyoosha, kulala na miguu ukutani, kupiga magoti na kuweka paji la uso chini mikono ikinyooshwa mbele, na kupumua. Nikasema, hizo nne zitanirudisha Kyuso. Wiki za kwanza nilikuwa napumua tu kitandani. Halafu nikawa nakaa ukingoni, miguu chini. Halafu nikatandika gunia kati ya kitanda na sanduku la Mwikali, nikawa nashuka kwa kushika kitanda na kupanda kwa kushika kiti. Halafu nikakisukuma kiti mbali, mbali zaidi, mpaka mlangoni. Asubuhi wakishaondoka wote, Mwikali shuleni na mkwe wetu Mutuku shambani, mimi naingia kazini. Huu mkono wa kulia umeanza kutetemeka tangu nianguke, nao nauambia, tetemeka, lakini sukuma.

Na nilisimama! Jumanne ya wiki iliyopita. Kutoka sakafuni, bila kitanda, bila kiti, bila ukuta. Nilisimama katikati ya chumba nikiyumba, mikono imetanuka, nikitafuta mtu wa kumwonyesha. Shahidi ni kuku mmoja aliyekuwa ameingia kutafuta mahali pa kutaga. Aliniangalia kwa jicho moja, akatoka. Nilijaribu tena Jumatano haikutoka, Alhamisi haikutoka. Nikasema mwili unapumzika. Goti la kushoto likaanza kuvimba kama avokado, na mimi nikalifunga kitambaa, nikamficha Mwikali.

Sasa jana. Nimevaa ile kaptula yangu ya Emali, ambayo huku nyuma imebaki hewa zaidi ya kitambaa. Nimeshuka vizuri, nimepiga magoti, nimeweka paji la uso kwa gunia, mikono mbele. Nikapumua. Nikataka kuinuka. Goti likakataa. Nikajaribu kulala upande huu, kuna kitanda. Upande ule, kuna sanduku. Kurudi nyuma, goti linapiga kelele. Nikakaa hivyo hivyo, makalio juu, uso chini, nikinusa ndengu za mwaka juzi kwa lile gunia. Nafikiri niliguna.

Kumbe Mutuku alikuwa amerudi kuchukua panga.

"Baba?" Yuko nje ya mlango.

"Eeh."

"Uko salama?"

"Niko."

"Nimesikia kama umeita."

"Nilikuwa nakohoa."

"Baba, niingie?"

"Usiingie! Kaptula imepasuka."

Unajua nthoni zetu. Heshima ya mkwe na baba ya bibi yake si kitu cha kuchezea. Hata chakula mimi na Mutuku tunakula meza moja kila mtu akiangalia dirisha lake. Anione na makalio nje, anishike kwapa aniinue kama mtoto mchafu? Tutaangaliana aje tena? Yeye hawezi kuingia na mimi siwezi kumwita. Nikamsikia akikaa chini hapo nje, kwa kizingiti. Mwema huyu kijana, hakuondoka. Baada ya muda akakohoa.

"Baba, ndengu za Kyuso ziko aje mwaka huu?"

"Sijui. Mama yako hajasema," nikamjibu na mdomo kwa gunia.

"Huku kwetu maharagwe yamepata wadudu."

"Pole sana."

"Asante, Baba."

Tukaongea maharagwe. Tukaongea bei ya mbolea. Miguu yangu ikafa ganzi tukiwa kwa habari ya ng'ombe. Mwisho akasema, kwa heshima, kama mtu anayeomba ruhusa ya kukojoa, "Baba, naenda kuita mtu."

"Usimwite Mwikali!"

"Basi namwita shemasi."

Shemasi Nzioka ni jirani wa hapa chini, mtu wa haki, sauti yake kama debe. Walikuwa wanatengeneza ua na wanaume wengine wawili wa kanisa. Nadhani Mutuku kwa aibu hakueleza vizuri, alisema tu, "Baba yuko ndani, ameanguka kifudifudi." Watu wa kanisa wakisikia hivyo wana mahali pao wanapopeleka mawazo. Wakafungua mlango. Wakaniona: magoti chini, uso chini, mikono imenyooshwa mbele inatetemeka.

Nikasikia kofia zinavuliwa.

Shemasi akanong'ona, "Tusimkatize."

Na wakapiga magoti. Wote watatu, pale mlangoni. Nilikuwa nawaona chini ya kwapa langu, magoti sita mazuri, yanakunjika kama ya ndama.

Ningesema. Neno lilikuwa kwa ulimi. Lakini nikuambie ukweli, Mama Mwikali: tangu nifike hapa hiyo ndiyo mara ya kwanza mtu ameniangalia bila kunihurumia. Nikashindwa kuitupa. Basi nikaomba. Nikaomba kwa sauti, mvua ya Kyuso, mbuzi mmoja mmoja, macho yako, mgongo wako, Musili aache domo. Yakaisha. Nikaombea serikali. Nikaombea avokado. Nikamsikia shemasi anavuta kamasi. Nikasema Amina, wakasema Amina, wakasimama.

Mimi sikusimama.

Wakangoja. Mmoja akasema, "Bado ameshikwa." Wakapiga magoti tena.

Mara ya pili sikuwa nacheza. Niliomba maneno mawili tu, niinue, niinue, na uso wangu ukalowesha gunia, na wale watatu wakalia pamoja na mimi. Hakukuwa na cha kuchekesha tena. Nikasema, "Shemasi, goti limekataa."

"Limekataa nini, mzee wetu?"

"Limekataa kuinuka. Limekataa tangu saa tatu."

Wakanizungushia blanketi, wakaniinua, mmoja huku na mmoja kule, shemasi nyuma anasema pole, pole, pole. Mutuku alikuwa nje ameangalia mlima, mgongo kwetu, mpaka nikafunikwa.

Habari ilifika shuleni kabla ya kengele ya mchana. Mwikali alikuja anakimbia na furaha, ati baba yake ameokoka. Akamwona Mutuku, furaha ikaisha. Akaingia chumbani, akakaa pale kwa gunia, na nguo yake ya shule.

"Baba, ulikuwa unaomba?"

"Niliomba."

"Masaa mawili?"

"Nina dhambi nyingi."

Hakucheka. Huyo mtoto alikuwa anacheka upesi, sijui ni nani amemfundisha kutocheka. Akasema, "Fanya mara moja. Hapa mbele yangu. Si tatu. Moja."

Nikasimama. Nikashuka. Nilishuka vizuri, nakuapia, bila kushika kitu, nikihesabu mpaka ishirini, kama moshi. Hata yeye alishangaa. Halafu tukangoja pamoja niinuke. Nilisukuma na mkono, mkono ukatetemeka. Nilisukuma na mguu. Jasho likanitoka kama mtu anayelima. Yule tajiri alinifundisha kushuka, akafa, na mimi sikuwahi kumwuliza upande wa pili. Mwikali akahesabu mpaka ishirini na yeye, kimoyomoyo, nilimwona midomo, halafu akaja akanishika kifuani akaniinua. Ana nguvu kama mama yako mzazi. Alikuwa analia bila sauti.

Nikamwambia, basi mlete mama yako huku, tukae wote. Akaniangalia kama nimetukana. "Mama alale wapi, Baba? Kwa nyumba ya Mutuku?" Kweli. Mimi mwanaume nimevumiliwa kwa sababu ya ugonjwa. Wewe ukilala paa moja na mkwe wako, kina mama wote wa Kyuso watafunga midomo kwa mkono, na wewe mwenyewe ungelala nje na mbuzi kabla ya kukubali. Kwa hivyo ndivyo tulivyo. Mimi sitoki kwa sababu ya goti, wewe huji kwa sababu ya nthoni, na hakuna kati yetu aliyekosea.

Akasema mtihani hakuna tena. "Sikuogopei wewe peke yako, Baba. Naogopa Mama atakuinua siku moja na wote wawili mbaki hapo chini." Jumapili hii, wakitoka kanisani, atakupigia wewe simu. Atakuuliza jambo moja: unaweza kumwinua? Ukisema hapana, nakaa hapa kabisa, na atauza kitanda chetu kikubwa aninunulie kidogo cha kuingia hiki chumba. Ukisema ndiyo, shule zikifungwa wiki ijayo ananirudisha yeye mwenyewe.

Leo asubuhi sikutandika gunia. Nilibaki kitandani, nikaangalia mabati, nikapumua. Ndani, nje. Sina nyingine ya kuacha baada ya hiyo.

Nisalimie watu. Msalimie Musili ndugu yangu, mwambie aangalie lile zizi kabla halijaangukia mbuzi, na asome barua zake mwenyewe. Msalimie dada yako Kavutha, yule aliyesema nikikuoa utalia. Mwambie alisema kweli lakini alikosea sababu. Wasalimie kina mama wa ushirika. Mama wa jirani anayekuchotea maji, mwambie Mungu ambariki mara mbili, mara ya pili ni kutoka kwangu. Pasta naye mwambie roho za Wahindi zimeondoka zote. Limebaki goti tu, na hilo ni la Kikamba.

Sasa jambo lenyewe. Unakumbuka ule mwaka wa njaa, mama yangu aliweka mbegu ya ndengu kwa kibuyu, akasema atakayeigusa atamlaani? Na wewe ukawapa kaka zako, kwa sababu kwenu watoto walikuwa wanakula majani. Mama alipokuta kibuyu kitupu, mimi nilisema ni mimi sikufunga mbuzi, wameingia wamekula. Alinitukana mbele ya watu wote wa boma, mimi mwanaume mwenye ndevu, na alikufa akiamini mimi ni mzembe wa mbuzi. Wewe ulikuja ukasimama mbele yangu na kunong'ona, "Baba Mwikali, huu uongo nitakulipa." Sijawahi kuudai. Kila nilipotaka kuudai nikaona jambo lenyewe ni dogo.

Naudai Jumapili. Sikuombi uniinue, najua mgongo wako kuliko daktari. Naomba useme tu. Simu ikilia usianze kuangalia ukuta, Mwikali anajua ukinyamaza unatafuta ukweli. Akiuliza, "Mama, unaweza?" jibu upesi, "Naweza," halafu kata simu, useme betri imeisha. Hiyo ya betri ni uongo wa pili, na huo utakuwa unanidai mimi.

Mume wako,
Munyoki